Kaburi Lililoota Maharage

Mwaka huu nyumbani kwetu tulikuwa na mahindi kuliko akili. Magunia yalijaa sebuleni, yakahamia chumbani kwangu, ikawa napanda kitandani kama mtu anayepanda lori. Wanunuzi wa mbali hawakuonekana. Mmoja tu alikuja, akataja bei yake, mama akamuuliza kwa upole kama ananunua au anaomba msaada.

Malori yalipoacha kuja, kazi ya baba nayo ikaisha. Alikuwa anapakia magunia kwenye ghala la mazao Sumbawanga mjini, na kila mwisho wa mwezi alikuja kijijini na mkate na stori. Februari alirudi katikati ya mwezi, bila mkate. Stori pia hakuwa nayo.

Mimi ni binti wa kidato cha tatu, nakaa hosteli ya shule ya kata, na chakula tunachangia wenyewe. Wiki hiyohiyo mkuu wa shule akatangaza mstarini kwamba mahindi basi, stoo imejaa mpaka panya wana vitambi. Kuanzia Julai kila wa hosteli alete madebe mawili ya maharage, asiye nayo awe anatokea kwao. Kwetu ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, kwenda tu. Wasichana wawili wa kijijini kwetu walijaribu kutembea mwaka jana. Mmoja sasa anauza vocha, mwingine ananyonyesha. Nilicheka mstarini kama kawaida yangu, ila jioni hiyohiyo nikaomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

Maharage hatukuwa nayo, na hela ya mbolea ndiyo usiseme. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyesema turudie ntumba, kilimo cha wazee wa Ufipa. Unakata udongo pamoja na nyasi zake, unaugeuza, unarundika kichuguu cha mviringo ili nyasi ziozee ndani ziwe mbolea. Juu unapanda maharage, na mbegu kidogo bibi alikuwa ameziweka. Mama alikuwa ameacha kazi hiyo tangu tulipozoea mbolea ya mifuko.

Jumamosi tukaingia shambani, bibi mbele. Baba, mtu wa kubeba gunia huku anapiga mluzi, alishika jembe kama ameshikishwa mtoto wa watu. Ntumba zake zilikaa upande. Bibi alizibomoa kimyakimya, akamwambia arudie.

Mchana walipokwenda kunywa togwa kivulini, nikabaki nazitazama zile safu. Makaburi matupu. Nikafunga vijiti kwa nyasi, nikasimika misalaba mitatu. Bibi aliporudi alijipiga kwanza ishara ya msalaba, maana ni mtu wa kanisa hasa, ndipo akauliza, "Marehemu ni akina nani hawa?"

Nikamtajia. Wa kwanza mbolea ya dukani. Wa pili bei ya mahindi.

"Na huyu wa tatu ni kazi ya baba. Aliugua ghafla, bibi."

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake cha togwa.

Kuchapwa nimekuzoea, kuna mwisho wake. Baba hakunichapa. Aliutazama ule msalaba wa tatu, akauliza mbegu ziko wapi. Akapanda palepale, bila kuung'oa.

"Kaburi hili nitalipalilia mimi," akasema. "Mfiwa ni mimi."

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi, mchekeshaji wa darasa, sikuweza.

Kuomba msamaha kwa mdomo sikujua pa kuanzia. Basi kila Ijumaa nikitoka darasani nilitembea zile saa tatu, na Jumamosi nikalima bila kuitwa. Mwezi wa nne ntumba za baba zilikuwa za mviringo kuliko za mama, na jirani akaja kumwomba amwonyeshe. Siku hiyo ndiyo nilimsikia tena akipiga mluzi.

Juni tukavuna, tukapiga, tukapima. Debe la kwanza likajaa. La pili halikufika mdomoni. Mama akaanza kusema labda mwalimu ataelewa. Baba akatoka, akarudi na maganda ya ile ntumba yenye msalaba, aliyokuwa ameiacha ya mwisho. Tuliyabangua kwa vidole, tukamimina. Yakafika. Bibi akatukataza kulitikisa debe, yasije yakashuka.

Julai baba aliyabeba begani hadi shuleni, na njia nzima mimi ndiye niliyeomba kupumzika. Kwenye stoo akamwamkia mwalimu kwa heshima zote, akamwambia apime taratibu, mtoto wake hapendi vitu vitikiswe.

Jina langu likaandikwa. Wenzangu hapa hosteli wanalalamika kwamba maharage yana mawe. Ni kweli yana mawe. Mimi nayatoa, nayaweka pembeni ya sahani, naendelea kula. Asante, baba.