Bawa Lililovuka Mawe Meupe

Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita hamsini na kitu. Wakati wa amani mtu alikunywa chai Butembo, akala mchana Beni, na jioni akarudi akilalamikia joto la huko. Mwaka ule wa vita nilikaa miezi minne bila kufika. Barabara ilikuwa na wenye bunduki wa aina tatu, na kila aina ilitaka kujua kwa nini unaelekea kwa aina nyingine.

Mke wangu alikuwa Beni. Alienda kujifungulia kwa mama yake, kama desturi inavyotaka kwa mtoto wa kwanza, na njia ikafungwa nyuma yake. Akazaa msichana. Jina halikunisubiri, maana kwetu jina hufuata nafasi ya kuzaliwa na baba haombwi maoni. Lakini ubatizo ulipangwa Jumapili, na ujumbe ulinifikia kwa redio ya misheni: mtoto atabatizwa, baba yake awepo asiwepo. Aliyeusoma alikuwa padri, ila sauti niliyoisikia humo ilikuwa ya mke wangu.

Jumamosi, siku moja kabla ya ubatizo, wakubwa wa vita waliitana mkutano mjini kwetu. Ndege ndogo saba zilitua asubuhi kwenye uwanja uliozoea mbili. Mkuu wa uwanja, mzee mpole aliyevaa koti la sufu siku zote, alitafuta msaidizi akanichagua mimi, mwalimu, kwa kuwa nilisoma jiografia chuo kikuu. Alidhani mtu wa jiografia anajua upepo. Nilijua pepo za Sahara kwa majina; ule wa Butembo ulikuwa ukinivua kofia tu.

Alinipa filimbi, kitambaa chekundu na kanuni mbili. Ya kwanza, ndege ikionekana, mtu yeyote asivuke njia ya kutua, hata mama anayetoka shamba na mzigo wa mihogo. Ya pili, ndege iliyoegeshwa isipitishe hata ncha ya bawa ndani ya mawe meupe yaliyopangwa kando ya njia hiyo.

“Ile yenye kuwa juu inajua kujichunga,” aliniambia. “Ile yenye kusimama, ni wewe njo unaichunga.”

Nilikuwa mkali. Marubani sita niliwasogeza, mmoja mara mbili, hadi akaniuliza kama mimi ni mwanajeshi. Niliwapanga wote kwenye ardhi ngumu karibu na miti ya mikaratusi. Wa saba niliogopa kumgusa. Yeye ndiye aliyekuwa anarudi Beni saa tisa, na alikuwa ameniambia kwamba kiti cha nyuma ni changu. Bawa lake lilivuka mawe meupe kwa karibu mita mbili. Nililiona. Nilijiambia kwamba mita mbili si kitu, kisha nikaenda kumpigia filimbi mbuzi.

Rubani wangu alienda mjini kula. Wamama watatu waliokuwa wakingoja mizigo walikuja kuketi chini ya bawa hilo, kwenye kivuli, wakimenya njugu. Saa nane hivi mawingu yakaanza kushuka juu ya kilima, na ndani ya mawingu nikasikia mlio. Ilikuwa ndege ya nane, ambayo hakuna aliyetuambia kuhusu kuja kwake. Ikazunguka mara moja, chini sana. Mkuu wa uwanja alitazama mbingu, akatazama lile bawa, kisha akanitazama mimi.

Niliwaomba wamama waondoke. Mkubwa wao hakuinuka.

“Mwalimu, asubui ulipita hapa mara ine,” alisema. “Hii bawa haikukuwa mubaya. Sasa iko mubaya?”

Nilitia kitambaa mfukoni, nikalishika bawa na kuanza kusukuma peke yangu. Walipoona haliendi waliinuka wenyewe, na wakawa wa kwanza kunisaidia. Tulikuwa kama watu kumi. Mbele kulikuwa na njia ya kutua, pembeni kulikuwa na ndege sita nilizozipanga kwa ustadi mkubwa, kwa hiyo palibaki nyuma tu, kwenye majani yenye maji. Tulisukuma huko. Bawa lilitoka ndani ya mawe, na gurudumu la kushoto likazama taratibu kwenye tope jekundu hadi katikati.

Ndege ya nane ilitua ikiyumba. Bawa lake lilipita juu ya yale mawe meupe, mahali palepale. Ilikuwa imebeba maofisa wawili na makreti ya bia, na haikuwa inaenda Beni.

Mvua ikanyesha. Rubani wangu alirudi akiwa amejifunika nailoni, akainama kulitazama gurudumu kwa muda mrefu. Nilimweleza yote, pamoja na lile la asubuhi. Sikutegemea anishukuru.

“Beni iko hapa tu,” alisema. “Ni weye mwenyewe njo ulizika ndege yako.” Kisha akaniambia nije kesho na jembe.

Jumapili nilifika mapema. Tope lilikuwa limelishika gurudumu kama saruji, na jembe halikuingia chini ya tumbo la ndege, kwa hiyo mmoja wa wale wamama aliniletea sahani ya bati. Saa tatu kengele ya parokia yetu ililia. Huko Beni nayo, nilifikiri, inalia saa hiyohiyo kuita watu kwenye ubatizo. Nilikuwa nimelala kifudifudi, koti langu la ubatizo nikiwa nimelitundika kwenye bawa ili lisichafuke, nikichota udongo sahani kwa sahani.

Gurudumu lilitoka saa sita, misa ikiwa imekwisha kitambo.