Mvua ya Mazishi ya Obbo

Leo nimetoka kwenye hema katikati ya mazishi, mvua inanyesha, na watu wote wakadhani uchungu umenizidi.

Haukuwa uchungu. Nilikuwa natafuta mkebe.

Tulikuwa tunamzika rafiki yangu Obbo, kijijini kwao Paya. Wakati wa Mwingereza alikuwa mtangazaji wa redio. Akipata likizo, mimi natoka Busia na baiskeli, tunakutana Tororo, tunakwenda kuwatazama wataalamu: kwanza maabara ya mbung'o, halafu kituo cha kupimia mvua.

Mimi nilipenda mbung'o (usiniulize kwa nini). Yeye alipenda mvua.

Tangu hapo akawa na mkebe wake wa kukingia mvua na rula yake. Ukikutana naye hakuulizi habari za watoto. Anauliza, "Kwenu imenyesha ngapi?"

Sasa leo padri anahubiri, mvua inashuka, na mimi nawaza: nani anapima?

Wanaume wawili wakanishika mikono. "Jikaze, mzee."

Nimejikaza! Niacheni!

Mjane wake akaja na mwavuli. Akaninong'oneza, "Shemeji, mkebe uko nyuma ya jiko. Asubuhi nimemwaga maji ya jana, kama alivyozoea. Kusoma rula ndiyo siwezi."

Asubuhi ya kumzika mume wake, alikumbuka kumwaga mkebe.

Tukangoja mvua ikatike. Nikasoma: nusu inchi. Obbo hakuwahi kukubali milimita.

Nikageuka nimwambie Obbo.

Haya, nyinyi. Kwenu imenyesha ngapi?