Nimefunga umeme wa trela kwenye Noah ya familia, mkaguzi wa taa yuko Tabora

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hili limenitokea mwenyewe hapa Themi, Arusha, sijasimuliwa na mtu. Chumvi sijatia.

Mke wangu ni nurse. Alihamishiwa Tabora, akaondoka na binti yetu mdogo, Neema. Maombi ya kurudi Arusha yamejibiwa "subirini" mpaka tumeacha kuuliza.

Mimi nashona makochi. Hata Tabora watu wanakalia makochi, kwa hiyo tukakubaliana niwafuate.

Nyumba bila watu wako ni mateso, wakuu. Nimewakumbuka mpaka zile kelele za katuni zilizokuwa zinanikera sasa nazitamani.

Vitu vyetu havienei kwenye Noah. Baba mkwe, mkulima wa Kikwe, akanipa trela lake la kubebea mabua. Towbar, kile chuma cha kuvutia trela, nikachomelewa, lakini umeme nikaufunga mwenyewe. Gari nalijua, na mikono ilitaka shughuli.

Kazi yenyewe si ngumu. Unafungua taa za nyuma, unatafuta kwa tester waya wa indiketa kushoto, kulia, breki na taa ndogo, kila mmoja unauunga kwenda kwenye soketi ya trela. Halafu kuna earth, ule unaorudisha umeme kwenye bodi. Huo watu huwa wanaudharau.

Shida ilikuja kwenye kujaribu. Ukikanyaga breki huwezi kuiona taa ya nyuma. Miaka yote mke wangu ndiye alikuwa anasimama nyuma ya gari ananitajia.

Nikampigia video call. Simu nikaiegemeza kwenye tofali nyuma ya trela, vioo vya gari nikashusha ili nimsikie.

"Kushoto."

"Inawaka."

"Haya, breki."

"Baba Neema, hiyo sasa ni disko. Breki inafifia, indiketa zote zinakonyeza."

Neema akawa anacheka pembeni yake. Nilitamani niiache hivyo hivyo aendelee kucheka.

Nikafungua maungio yote, nikaunga upya. Wapi. Nikampigia baba mkwe, na baada ya shikamoo nikamuuliza kama kuna waya aliogusa.

"Nilizifungua nyaya nipake rangi, kisha nikazirudisha. Kitanda cha binti yangu kisafiri kwenye trela lenye kutu?"

Kumbe mzee alifunga earth juu ya rangi nzito, na rangi haipitishi umeme. Nikamshukuru tu. Nikakwangua pale mpaka chuma kikaonekana, nikakaza bolti, nikapaka grisi.

Nikampigia mke wangu tena. Kushoto safi, kulia safi. Nikakanyaga breki.

"Shikilia hapo hapo," akasema.

Nikashikilia mpaka mguu ukaanza kuchoka. "Mama Neema, imegoma?"

"Imewaka muda mrefu. Naangalia nyumbani. Mlango wa jikoni, na Mlima Meru leo hauna wingu. Usiitoe simu kwanza."

Wakuu, machozi yalinitoka nikiwa nimekanyaga breki. Muda wote nilikuwa nawaza kwamba naifuata familia. Sikuwaza kwamba nikishahamisha vitu, yeye hana tena nyumba ya kurudi huku.

Simu sikuitoa. Tulikaa hivyo mpaka bando likaisha.

Nilichojifunza: kwangua rangi kabla ya kufunga earth, hata kama aliyepaka ni mkweo na alipaka kwa upendo. Na kama mwenzako yuko mbali, muoneshe nyumbani kabla hujaanza kupakia.

Jumamosi naondoka. Waliopita njia ya Singida na trela nyuma, nishaurini kuhusu spidi na matairi.

Na wenyeji wa Tabora mlioko humu, niambieni ukweli tu: huko kuna mtaa wowote ambao mtu akifungua mlango wa jikoni asubuhi anaona mlima?