Kielezi Kilicholeta Pampu

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya tafsiri ya kiwanda chetu, hapa Likasi, sikupewa kiti. Mkuu wa ofisi, bwana aliyechonga penseli kwa kisu cha jikoni, aliniwekea vikombe viwili vya chai mezani.

"Onja. Hii ya pili iko na sukari 'relatively' ao 'comparatively'?"

Nikajibu kwamba yote ni mamoja. Akaninyang'anya chai.

Nyinyi vijana mna simu za kutafsiri, basi niwaeleze vielezi hivyo viwili vya Kiingereza. "Comparatively" hutaka vikombe vyote viwili viwe mezani, kimoja kipimwe kwa kingine waziwazi. "Relatively" huridhika na kipimo kilichomo kichwani mwa msemaji: chai ni tamu, kwa chai ya ofisini. Waingereza wenyewe huyachanganya, lakini mkuu wangu hakuwa Mwingereza. Yeye alikuwa mkali.

Alipostaafu nikarithi kiti na kisu. Ndipo miaka ya tisini ikatuangukia. Mashine zilikufa moja moja, na karakana yetu ya watu arobaini ikabaki na pampu moja yenye kukohoa. Mgeni kutoka Afrika ya Kusini akaarifu kwamba anakuja kuamua kama atatupatia mpya. Akikataa, karakana ifungwe.

Mkurugenzi akaniita. "Andika kiwanda inatumika muzuri sana."

"Patron, mugeni iko na macho."

"Basi tafuta mot moya ya katikati."

Nilihangaika siku mbili kulitafuta neno hilo. Ningeandika "comparatively", mgeni angeuliza tumejilinganisha na nani, na majirani zetu wote walikwisha kufunga milango. Nikachagua "relatively well", nikajiona bingwa. Nilimweleza Papa Ilunga, msimamizi wa pampu, kwamba maana yake ni kuwa mambo yanakwenda vizuri kwa kadiri. Akakuna kichwa, akaenda zake.

Mgeni alisoma ripoti, akasema kwa upole kwamba kiwanda kinachokwenda hivyo pengine hakihitaji kitu. Tulipoingia karakana, pampu ikaguna, ikanyamaza. Mkurugenzi akanikazia macho kama mimi ndiye mota.

"Ndiyo maana tuliandika 'relatively'," nikamwambia mgeni. Alicheka hadi akavua miwani, na pampu mpya ikaja.

Tangu hapo kila kijana aliyeingia ofisini nilimfundisha kwamba kielezi kimoja, kikichaguliwa vizuri, huokoa watu arobaini. Nilipostaafu, Papa Ilunga alikuja kunipongeza na samaki wa ziwa la Tshangalele. Tukiwa tunamla kwa bukari, ugali wetu wa huku, nikamsimulia tena ushindi wangu. Akaniacha nimalize.

"Muzee, siku ile pampu haikukufa. Miye njo niliifunga."

"Juu ya nini?"

"Weye uliandika tuko muzuri. Muntu mwenye kushiba, nani atamupa bukari?"

Niliona haya mpaka masikioni, kisha nikacheka. Nikamsogezea kichwa cha samaki, ambacho nyumbani kwangu hukila mimi peke yangu.