Profesa wa Familia na Besiboli ya Kigangoni

Enzi zetu huku Ufipa, wenzangu mliovaa sweta za shule zilizotoboka viwiko, likizo ya mwezi wa sita ilikuwa na baridi, kupura ulezi, na Baba Mkubwa Anselmi. Baridi ilikuja yenyewe. Ulezi ulitungoja uani. Baba Mkubwa alishuka kwenye lori la kutoka Sumbawanga na sanduku la vitabu, shingoni skafu.

Alikuwa kaka yake baba, na alikuwa profesa wa sera za familia. Pale kijijini kwetu, upande wa Kate, tulimjua daktari wa watu na bwana shamba wa mahindi, ila mtu wa kusomea familia mpaka nywele zikaisha hatukuwahi kumwona. Alianzia Dar es Salaam, akaenda Marekani akarudi na shahada ya pili, akaenda tena akarudi daktari asiyetibu, mwisho akawa profesa. Kila alipopanda cheo tulichinja kuku, na kila mara Bibi, mama yake mzazi, aliuliza, "Na mke je?" Naye alijibu kwamba amebakiza sura mbili za kitabu.

"Ameandika familia za watu wote," Bibi alisema huku akipepeta, "yake tu ndiyo hajaianza."

Alipita nyumba hadi nyumba na daftari akiuliza nani huamua mambo ya nyumbani. Babu alijibu kwa sauti nzito, "Mimi," kisha akamgeukia Bibi aone kama amejibu sawasawa. Baba Mkubwa akaandika yote mawili.

Lakini mapenzi yake makubwa hayakuwa familia. Huko Marekani aliambukizwa besiboli. Alituletea mpira wa ngozi wenye mshono mwekundu na glavu moja. Gongo tulilichonga kutoka kwenye mchi wa zamani wa Bibi. Unaupiga mpira, unakimbia vituo vitatu vya magunia, unarudi nyumbani kabla hujaguswa nao. Sisi wasichana tuliokomaa kwenye rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, tuliuelewa siku hiyo hiyo. Wavulana walichukua wiki nzima, kwa sababu walitaka kuupiga mpira kwa mguu.

Uwanja ulikuwa wa kigango, lile kanisa dogo la kijiji, maana shambani matuta yangetuvunja miguu. Profesa aliupima kwa kamba na hatua, akachora mistari kwa majivu. Jambo moja hakuliona: njia ya kwenda mashine ya kusaga ilipita katikati ya kituo cha tatu na nyumbani. Mtu aliyeandika kurasa mia juu ya akina mama wa Ufipa hakujua wanapita wapi na nafaka zao.

Siku moja akatangaza kwamba wangekuja watoto wa Mzee Salumu, mwenye duka na malori mjini, na timu itakayoshinda ataipeleka Kasanga ikaone ziwa. Land Rover aliyoazima ilitosha timu moja tu. Nilikuwa na miaka kumi na moja na sikuwahi kuona maji mapana kuliko bwawa la ng'ombe. Niliambiwa ziwa halina ng'ambo. Wiki ile sikuota kitu kingine.

Wenzetu wa mjini walikwenda Kasanga kila mara juu ya magunia ya baba yao. "Ziwa nimeshalitapikia mara tatu," alisema Hamisi, mkubwa wao. "Sisi tunataka kuwafunga tu, washamba nyie."

Mchezo ukafika mwisho tuko sawa, na Profesa alishasema sare ni ya wageni. Nilikuwa kituo cha tatu. Mwenzetu akaupiga mpira mpaka kwenye miti ya kanisa, nami nikatimua mbio. Nyumbani palikuwa hatua kumi hivi. Hapo akatokea Bibi, beseni la ulezi kichwani, anakwenda mashineni.

Miguu ilisimama bila kuniuliza. Nikachuchumaa, nikapiga makofi taratibu kama tulivyofundishwa.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama yako kifua kimepoa?"

"Kimepoa, Bibi."

"Na yule ndama?"

Kwetu huinuki kabla mkubwa hajamaliza kuuliza. Nyuma yangu sauti ya Baba Mkubwa ikapasuka. "Kimbia, Leokadia! Achana naye, kimbia!"

Hamisi akafika na mpira. "Shikamoo Bibi," akasema, na papo hapo akanigusa bega. Watoto wa mjini tangu zamani wanaweza mambo mawili kwa pamoja.

Bibi akatua beseni. "Anselmi, wa kuachwa ndiye mimi?"

"Mama, huu ni mchezo tu."

"Nimesikia. Na hayo ya heshima unayotuuliza kwenye daftari, ni ya nani?"

Profesa akavua miwani, akaifuta kwa skafu, akaivaa tena. Alikuwa mwamuzi, na sheria zake alizipenda. "Leokadia," akasema bila kunitazama, "umetoka."

"Kachuchumaa kama kuku anayetaga," Hamisi akasema, wakapanda Land Rover. Wenzangu hawakunilaumu. Kila mmoja alijua naye angechuchumaa.

Mwaka uliofuata kikaja kitabu chake. Baba alitusomea mahali anapotusifu: watoto wa Ufipa husimamisha shughuli yoyote wamsalimu mzee. Shughuli yoyote. Hilo ndilo ziwa langu nililolikosa, limekaa mstari mmoja kitabuni.

Nimehamahama sana tangu hapo, Mpanda, Tunduma, Mbeya, na Kasanga nimefika nikiuza mitumba. Siku ya anga safi ng'ambo inaonekana. Vijana wa leo wanakusalimu "mambo" bila kuvua vile vya masikioni, ukijibu hawasikii.

Mwaka jana nilipita uwanja ule ule. Watoto walikuwa wanacheza mpira wa miguu, mmoja anakuja mbio na mpira kuelekea goli, nami nimeshaingia njiani. Nikasimama wima, nikangoja shikamoo yangu.

"Mama, pita basi," akasema, "tunacheza."

Nikapita upesi, mgongo nimeuinamisha kidogo, kama mimi ndiye mdogo. Akafunga. Wenzake wakambeba juu, na nikajikuta nimesimama pale kando napiga makofi.