Mwethya Nilioualika Mimi

Majuzi nilipita karibu na watu waliokuwa wakichimba mtaro kule Emali. Jembe likagonga jiwe, na harufu ya udongo mwekundu uliotoka kunyeshewa ikanipanda puani. Nikasimama. Niliokuwa nao walidhani nimesahau kitu nyumbani, kumbe nimerudi darasa la tano, kwetu juu ya Salama, mwaka ule nilipomwanika babu yangu mbele ya kanisa zima nikidhani namtukuza.

Lakini kwanza nikueleze habari za Mama Syombua. Alifariki kabla sijazaliwa, ila kila mtoto wa kwetu alimjua. Tajiri mmoja alipoizungushia chemchemi waya, yeye ndiye aliyewakalisha wanawake mbele ya ule waya na mitungi yao mitupu, hadi ukaondolewa. Askari wa chifu alimvunja mkono, na mkono huo haukunyooka tena. Aliagiza asijengewe chochote. Siku ya kumkumbuka, watu wachukue majembe waende kwa asiye na wa kumlimia. Basi kila mwaka kabla ya mvua, mwethya, ndicho kikundi chetu cha kusaidiana kazi, ulitoka kwa jina lake, ukiongozwa na binti yake, Mwalimu Mutanu.

Mwethya hauji bila kuitwa. Mwenye boma huomba, na siku ikifika huwapa watu uji kwa mkono wake mwenyewe. Babu hakuwahi kuomba. Mitaro yetu ilikuwa imebomoka, mvua ikibeba udongo pamoja na mbegu, nasi tukala muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, bila maharagwe mpaka nikauchukia. Baba alikuwa kibaruani Mombasa, nyanya mgongo ulimsumbua, na babu alisema tu, "Tutajisaidia." Nilimwona mzee mwenye kiburi, nikajiambia kiburi hakijazi sufuria.

Hata hivyo nilimwonea fahari. Aliwahi kuniambia kwamba alitembea kwa miguu na Mama Syombua, kutoka chemchemini mpaka kambi ya chifu. Shuleni nililitangaza jambo hilo mpaka wenzangu wakachoka nami. Kwa hiyo Mwalimu Mutanu alipouliza kanisani ni nani anayehitaji mwethya mwaka huo, niliinuka mimi, na soksi zangu zisizolingana.

"Ni kwa babu yangu," nikasema. "Yeye alitembea na Mama mpaka kambini."

Nyanya alinivuta sketi nikae. Mwalimu Mutanu alinitazama, kisha akafunga daftari lake.

"Basi Jumamosi tunakuja," akasema.

Nyanya alinikataza kumwambia babu, ambaye hakuwepo kanisani siku hiyo. Alisema babu akijua angeondoka alfajiri asionekane. Nilifurahi, maana nilitaka kumshtukiza. Ijumaa nyanya alisaga wimbi kwa ajili ya uji.

Asubuhi yake watu waliingia na majembe mabegani. Babu alitoka nje, akamwona Mwalimu Mutanu mbele yao. Nilingoja atabasamu. Badala yake akakaa chini mavumbini, kigoda kikiwa palepale.

Wakachimba. Saa nne uji ulikuwa tayari, na desturi ni desturi. Babu alikishika kikombe cha kwanza kwa mikono miwili, uji ukimmwagikia vidoleni, akampelekea Mwalimu Mutanu.

"Mwalimu," akasema, "ule mkono wa mama yako, ni mimi niliuvunja. Nikamfunga kamba, nikampeleka kambini."

Jagi la uji nililoshika liliniponyoka. Mikono hiyo ndiyo iliyonimenyea miwa tangu niote meno.

"Hiyo najua, Mzee," Mwalimu Mutanu akajibu, akipokea kikombe. "Nilikuwa hapo, nimeshika leso yake. Tumengoja uite mwethya miaka mingi, hukuita. Peleka uji kwa wengine, kazi bado iko."

Babu akapeleka. Nilitazama nyuso zote na hakuna aliyeshangaa. Hilo lilinishtua kuliko lile la kwanza. Watu wazima wote walijua. Walinisikiliza nikijigamba miaka hiyo yote, na hakuna hata mmoja aliyenisuta.

Wiki nzima sikula muwa wake. Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipojua kwamba hakuwa na kiburi hata kidogo. Alikuwa akikiogopa kikombe kile kimoja, na kwa ajili yake akatuacha na njaa. Kwa hilo nilimkasirikia muda mrefu. Bado namkasirikia kidogo, ingawa yumo kaburini na mitaro ile haijabomoka.

Ila ninayemfikiria zaidi ni Mwalimu Mutanu na lile daftari. Nilikuwa nimesimama mbele yake, kitoto chenye domo, nikimsifu kwa jina la mama yake mtu aliyemvunja mama huyo mkono. Sentensi moja ingetosha kunimaliza. Aliimeza, akakaa nayo hadi Jumamosi, ili babu aitoe mwenyewe. Ningekuwa mimi, ningeisema palepale.