Fundi wa maksai aliyekubali sindano

Asubuhi aliyofariki Danson, fahali alikuwa amekwisha kufungwa nje akisubiri kuhasiwa. Mdogo wake, Zephaniah Mwandawiro, alimfungua akamwachia aende. Kazi yao ni ya watu wawili: Danson alikaza kamba, Zephaniah alibana koleo la kuhasia. Mshika kamba hakuwepo tena.

Kwa miaka mingi ndugu hao wa kijiji cha Wusi walizunguka kaunti ya Taita Taveta wakigeuza mafahali kuwa maksai wa kulima. Danson alipopata saratani ya tezi dume, daktari alimshauri adungwe sindano ya kuzuia homoni za kiume, kwani ndizo zinazoulisha ugonjwa huo. Akakataa.

"Mimi nihasiwe? Na kazi yangu hii?" alimwuliza ndugu yake, wakacheka wote wawili.

Zephaniah anakikumbuka kicheko hicho kuliko mazishi.

Mwaka juzi, saratani hiyo hiyo ilipatikana kwake. Mkewe, Tryphena, hakumbembeleza.

"Nilimwuliza, Baba Immaculate, ng'ombe wote uliowahasi, ni wangapi walikufa?" anasimulia Tryphena. "Akasema hakuna. Nikamwambia, basi vaa shati twende hospitali Voi."

Dawa huwekwa chini ya ngozi ya tumbo kila baada ya miezi mitatu. Haikuwa mteremko. Jasho lilimtoka ghafla hata kwenye baridi ya Wusi, nguvu zikapungua, na mambo ya chumbani, anasema bila haya, "yamestaafu." Lakini maumivu ya mgongo yalimwachia, na kipimo cha PSA, cha damu kinachofuatilia saratani hiyo, kilichokuwa 94 kikashuka chini ya moja. Daktari anasema saratani haijaisha, imezuiliwa.

Leo, kijijini Miasenyi, Zephaniah amepiga goti nyuma ya fahali mwekundu. Wanaume wameegemea ua, wakimkodolea macho mwanamke anayekaza kamba.

"Fundi, siku hizi na wewe ni maksai!" anatania mwenye fahali, Muinde.

Zephaniah hainui kichwa. "Na shamba lako linalimwa na nani, Muinde? Fahali?"

Ua wote unaangua kicheko, Muinde akiongoza. Koleo linabana, fahali anaruka, kazi imekwisha.

Muinde anamvuta fundi kando. "Mzee, hicho kipimo," ananong'ona, "kinauma?"

"Ni damu tu wanatoa. Twende wote."

Jumanne ijayo Zephaniah anadungwa tena mjini Voi. Muinde ataandamana naye kupimwa. Na kamba ya Danson, siku hizi anaishika Tryphena.